Mtoto Wako Anaanza Sekondari: Je, Unamjua Mwalimu wa Unasihi?

Mwezi Januari shule hufunguliwa. Watoto waliochaguliwa huingia kidato cha kwanza. Majumbani mwetu shughuli huwa nyingi. Baba huuza gunia la mahindi. Mama huuza kuku. Sare hununuliwa, na viatu, na madaftari. Shule nyingine hutaka pia jembe, fagio na ndoo. Siku ikifika, mtoto huondoka asubuhi na mapema. Mzazi humtazama mpaka anapotelea njiani. Kisha huchukua jembe lake na kwenda shambani. Moyoni husema, "Kazi yangu nimemaliza. Sasa ni kazi ya walimu."

Hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Katika makala hii nataka tuzungumze juu ya wiki za kwanza za kidato cha kwanza, na juu ya mwalimu mmoja ambaye wazazi wengi hawamjui.

MCHE ULIOHAMISHWA

Mimi ni bwana shamba. Nitaanza na jambo tunalolijua sote.

Unapopanda nyanya, unaanza na kitalu. Miche inakaa kitaluni kama mwezi mmoja. Unaimwagilia na kuikinga na jua. Siku chache kabla ya kuihamisha unapunguza maji na kivuli kidogo kidogo, ili izoee. Siku ya kuihamisha unangoja jioni, jua likiwa limepoa. Unang'oa mche pamoja na udongo wake. Unaupanda na kuumwagilia.

Je, baada ya hapo unaondoka na kurudi siku ya kuvuna? La. Wiki ya kwanza unakwenda kila siku, kwa sababu mche uliohamishwa hunyauka. Mizizi yake haijashika udongo mpya. Mche huo si mbaya. Umeshtuka tu. Ukiutunza siku hizo, utasimama. Ukiuacha, utakufa, hata kama mbegu ilikuwa nzuri.

Mtoto anayeingia sekondari naye amehamishwa. Hebu tutazame mambo yanayobadilika kwake.

Kwanza, njia. Shule ya msingi iko kijijini. Sekondari ya kata huenda iko mbali. Mtoto huondoka alfajiri na kurudi jioni. Wengine hukaa hosteli. Wengine hupangishiwa chumba karibu na shule, na huko hujipikia na kulala bila mtu mzima.

Pili, lugha. Shule ya msingi ya serikali hufundisha kwa Kiswahili. Sekondari karibu masomo yote hufundishwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa wa kwanza darasani anaweza kukaa kimya mwezi mzima, kwa sababu haelewi anachoambiwa. Wenzake wakimcheka akikosea, hanyoshi mkono tena.

Tatu, masomo. Ni mengi zaidi, na kila somo lina mwalimu wake. Ni rahisi mtoto mmoja kusahauliwa.

Nne, umri. Huyu ni mtoto wa miaka 13 au 14 au zaidi kidogo. Mwili unabadilika. Ana aibu. Ana maswali ambayo hawezi kumwuliza baba yake, na pengine hata mama yake.

Mambo haya manne yanamjia kwa pamoja, katika mwezi mmoja. Kwa hiyo usishangae akinyauka.

MWALIMU WA UNASIHI NI NANI?

Neno unasihi lina uhusiano na neno nasaha. Nasaha ni maneno mema ya kumwongoza mtu. Zamani katika jamii zetu kazi hii ilifanywa na shangazi, mjomba, babu na bibi. Wao walimsikiliza kijana, wakamweleza njia. Leo kijana yuko shuleni mchana kutwa, na shangazi yuko mbali. Kwa hiyo shule nazo hutakiwa kuwa na mwalimu wa kazi hiyo. Wengine humwita mwalimu wa ushauri nasaha, au mwalimu wa malezi. Mara nyingi ni mwalimu wa kawaida mwenye vipindi vyake vya darasani, aliyepewa kazi hii juu ya nyingine.

Kazi yake ni kumsikiliza mwanafunzi. Mwanafunzi anaweza kumwendea kwa shida ya masomo, shida ya nyumbani, ugonjwa, woga, au mtu anayemsumbua njiani. Mwalimu humsaidia kufikiri na kutafuta njia. Humsaidia pia kuchagua masomo na kufikiri juu ya kazi ya baadaye.

Hapa wazazi wengi huchanganya. Mwalimu wa nidhamu ni mwingine, na mwalimu wa unasihi ni mwingine. Mwalimu wa nidhamu hushughulikia makosa. Mwalimu wa unasihi hushughulikia shida. Ukiitwa na mwalimu wa unasihi, usidhani kwamba mwanao ameiba au amepigana. Huenda mwanao hana kosa lolote.

Jambo jingine ni siri. Mwalimu huyu hapaswi kutangaza maneno ya mtoto darasani wala sokoni. Lakini maisha ya mtoto yakiwa hatarini, hawezi kunyamaza. Atamwambia mkuu wa shule, na ikibidi ofisa ustawi wa jamii au polisi. Hiyo si kuvunja siri. Huko ni kumlinda mtoto.

BINTI NILIYEMKUTA SHAMBANI

Sasa nitakueleza jambo nililoliona mwenyewe. Sitataja jina la mtu, kwa sababu ni watu wa kata yangu.

Mwaka mmoja, mwezi Februari, nilikuwa nikimtembelea mkulima mmoja wa nyanya. Shamba lake lilikuwa na ugonjwa wa ukungu. Siku ya Jumanne asubuhi nilimkuta analima pamoja na binti yake. Binti huyo alikuwa ameingia kidato cha kwanza mwezi uliopita. Nilitazama majani ya nyanya, nikatoa maelekezo juu ya dawa, nikaenda zangu. Wiki iliyofuata, siku ya Alhamisi, nilimkuta tena. Sikuuliza. Niliona ni mambo ya nyumba ya watu.

Leo nasema wazi, nilikosea. Niliona ugonjwa wa nyanya, sikuona shida ya mtoto.

Mara ya tatu niliuliza. "Ndugu yangu, binti haendi shule?"

Akajibu, "Bwana Shamba, huyu ameishinda shule. Kila asubuhi anasema tumbo linamwuma. Nimemchapa, haikusaidia. Basi na alime."

"Shuleni wanasemaje?"

"Mwalimu mmoja, sijui wa unasihi, alileta barua. Mara mbili. Sikwenda. Nilijua nitadaiwa pesa. Au nitaambiwa mtoto amefanya aibu, nikaabike mbele ya watu."

Mama yake alikuwa amesimama karibu na mfereji. Alisikia. Hakusema neno. Kesho yake alifunga safari, akaenda shuleni peke yake.

Alikaribishwa na mwalimu wa kike. Mwalimu alifungua daftari la mahudhurio, akamwonyesha. Wiki ya kwanza binti alikuja siku zote. Wiki ya pili alikosa siku moja. Wiki ya tatu alikosa siku tatu. Mwalimu akasema, "Mama, nilimwita nikamwuliza. Siku ya kwanza alilia tu. Siku ya pili alizungumza."

Shida zilikuwa tatu.

Ya kwanza ilikuwa njaa. Binti aliondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri bila kula. Alitembea saa moja na nusu. Kufika saa nne tumbo lilikuwa linauma kweli. Hakusema uongo.

Ya pili ilikuwa Kiingereza. Alisoma kwa sauti darasani, akakosea, wakamcheka. Tangu siku hiyo aliogopa kipindi kile.

Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote. Kijana mmoja wa bodaboda alimpa lifti siku ya mvua. Akampa tena. Akamnunulia maandazi. Kisha akaanza kumwambia, "Umekula vyangu, umepanda pikipiki yangu, sasa na wewe unilipe." Alikuwa akimngojea kwenye kona ya njia, asubuhi na jioni. Njia nyingine ya kwenda shule hakuna.

Mtoto yule hakukataa shule. Alikataa ile kona.

Fikiri, ndugu msomaji. Baba alimchapa mtoto kwa uvivu. Mimi nilipita mara mbili. Barua ya mwalimu ilikaa mara mbili bila kujibiwa. Kama mama asingekwenda, binti angerudishwa kwa fimbo kwenye kona ile ile.

WALIFANYA NINI?

Mama alirudi akamweleza mumewe jioni ile. Baba alinyamaza kwa muda mrefu. Kesho yake walikwenda shuleni wote wawili. Walikaa na mwalimu wa unasihi, mkuu wa shule na ofisa mtendaji wa kijiji. Waligawana kazi.

Mtendaji alimwita kijana wa bodaboda pamoja na viongozi wa kijiwe chake. Alimweleza mbele yao kwamba jambo hilo limeandikwa, na akirudia litapelekwa polisi. Viongozi wa kijiwe walimwondoa kwenye kona ile.

Wazazi wa kitongoji walikubaliana watoto wao waende shule kwa kundi. Walikuwa saba. Wanakutana kwenye mti mmoja, wanaondoka pamoja, wanarudi pamoja. Mkubwa wao ni wa kidato cha tatu.

Mama alianza kuchemsha viazi usiku. Asubuhi binti anakula, na vingine anabeba.

Mwalimu wa unasihi alimwomba mwalimu wa Kiingereza amsaidie binti pamoja na wengine wanne, siku mbili kwa wiki baada ya vipindi. Darasa nalo lilionywa kuhusu kucheka wenzao.

Binti alirudi. Haikuwa rahisi. Mwezi wa kwanza mama alimsindikiza mpaka kwenye mti kila siku. Hesabu bado zinamsumbua. Lakini alifaulu upimaji wa kidato cha pili, na sasa yuko kidato cha tatu. Yeye ndiye anayeongoza kundi.

Kulikuwa na binti mwingine aliyepita njia ile ile mwaka ule ule. Naye aliacha kwenda shule. Hakuna aliyekwenda kuuliza. Kabla ya mwaka kwisha alikuwa mjamzito. Ninapopita kwao huwa namwona, naye huniamkia. Najibu, lakini moyo wangu si mweupe.

NINI LA KUFANYA KABLA YA KUFUNGUA SHULE

Tembea njia ya shule pamoja na mwanao, mara moja tu. Tazama ni muda gani. Tazama ni wapi pana pori, mto, kilabu cha pombe au kijiwe. Tafuta watoto wengine wa njia hiyo. Waunganishe.

Mwambie mwanao maneno haya kabla hajaanza: "Mtu yeyote akikusumbua, niambie. Sitakupiga." Kisha siku akikuambia, usimpige. Mtoto aliyepigwa kwa kusema ukweli hatasema tena.

Kama lazima apange chumba, mjulishe mkuu wa shule ni nyumba gani. Mtafute mtu mzima wa kuaminika jirani na hapo. Nenda ukamwone bila kutoa taarifa.

Punguza kazi za nyumbani. Mtoto anayetembea saa tatu kwa siku hawezi pia kuchota ndoo nne na kupika kila jioni. Mpe saa moja ya kusoma, na taa.

Kuhusu pesa, kumbuka kwamba tangu Januari 2016 shule za sekondari za serikali hazitozi ada kidato cha kwanza hadi cha nne. Kabla ya hapo ada ya shule ya kutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Sare na madaftari bado ni kazi ya mzazi. Lakini kama sare haijakamilika, usimzuie mtoto nyumbani. Serikali imekuwa ikiwaagiza wakuu wa shule wawapokee watoto hao. Nenda naye, ueleze hali yako.

SIKU YA KUFUNGUA SHULE

Usimtume mtoto peke yake. Nenda naye. Kabla ya kurudi, uliza mambo manne:

1. Mwalimu wa darasa la mwanangu ni nani?
2. Mwalimu wa unasihi ni nani? Je, kuna wa kike na wa kiume?
3. Anapatikana siku gani, na wapi?
4. Namba ya simu ya shule ni ipi?

Sasa unajua kuandika. Andika majibu hayo kwenye karatasi, uiweke mahali salama.

Msalimie mwalimu wa unasihi. Mtaje mwanao. Mweleze kama mtoto ana ugonjwa wa kudumu, kama anaishi na bibi, au kama amefiwa. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi hawezi kujua mambo hayo kama hukumwambia.

WIKI NANE ZA KWANZA

Bwana shamba hutazama majani. Wewe tazama dalili hizi:

Mtoto analalamika tumbo au kichwa kila asubuhi ya shule, lakini Jumamosi ni mzima.

Anachelewa kurudi, na maelezo yake yanabadilika.

Ana simu, mafuta au pesa, nawe hukumpa.

Hataki kuzungumza juu ya shule. Hali vizuri. Anakaa peke yake.

Rafiki zake wamebadilika ghafla.

Ukiona moja, usikimbilie fimbo. Uliza kwa upole. Kisha nenda shuleni.

Pia fungua madaftari yake kila Jumapili. Usiseme, "Mimi sijui Kiingereza." Tarehe ni namba, nawe unazisoma. Tazama tarehe ya mwisho kuandikwa. Tazama kama mwalimu amesahihisha. Kama daftari halina maandishi tangu wiki iliyopita, kuna jambo. Huna haja ya Kiingereza kulijua hilo.

Tusiwasahau wavulana. Wengi hudhani kijana wa kiume hana shida. Lakini wavulana nao huacha shule. Wengine hukimbilia machimboni, wengine kuendesha pikipiki, wengine huanza bangi. Mvulana akichekwa darasani huumia vilevile. Tofauti ni kwamba yeye halii mbele yako.

UKIITWA, NENDA

Barua ya mwalimu wa unasihi ikifika, nenda ndani ya siku mbili au tatu. Kama unaweza, mwende baba na mama. Msikilize mwalimu mpaka amalize. Usimgombeze mtoto mbele yake. Uliza, "Mimi nifanye nini nyumbani? Ninyi mtafanya nini shuleni? Turudi lini kutazama?"

Kumbuka pia kwamba mwalimu huyu hana dawa ya kila kitu. Hawezi kumlisha mwanao nyumbani. Hawezi kulinda njia yote. Anachoweza ni kuona mapema na kukuita.

Na kama shule haina mwalimu huyo, au hakusikilizi? Mwone mkuu wa shule. Usiporidhika, mwone ofisa elimu kata. Lipeleke jambo kwenye bodi ya shule au mkutano wa kijiji. Kwa hatari ya mtoto, piga simu namba 116. Hiyo ni huduma ya simu kwa mtoto, na haitozwi pesa. Polisi nao wana dawati la jinsia na watoto.

Jua pia sheria. Kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au kumpa mimba, ni kosa ambalo adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Mabadiliko hayo ya Sheria ya Elimu yalifanywa mwaka 2016. Kwa hiyo usikae kikao cha siri kupokea mbuzi au fedha ili jambo liishe. Ukifanya hivyo unamuuza mtoto.

Na kama maji yamekwisha kumwagika? Mwezi Novemba 2021 serikali iliruhusu watoto walioacha shule, wakiwamo waliopata mimba, warudi katika shule za kawaida baada ya kujifungua. Mlango haukufungwa. Mwalimu wa unasihi atakuonyesha namna ya kuanza. Hata yule binti ninayepita kwao nimemwambia mama yake habari hii. Amesema atafikiri. Nitapita tena.

Ndugu msomaji, wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Nami naongeza, mche umwagilie kabla haujakauka. Januari hii peleka sare, peleka madaftari, lakini na wewe mwenyewe nenda. Mjue mwalimu wa unasihi kabla shida haijaja.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini baba wa binti hakwenda shuleni alipoitwa? Je, kijijini kwenu wako wazazi wenye woga kama huo?
2. Mwalimu wa nidhamu na mwalimu wa unasihi wanatofautianaje?
3. Watoto wa kitongoji chenu wanapita njia gani kwenda sekondari? Hatari iko wapi?
4. Ni nani atawaunganisha watoto hao waende kwa kundi?
5. Je, yuko mtoto kijijini kwenu aliyeacha kidato cha kwanza mwaka huu? Nani atakwenda kumwuliza?